Mkaa katika Chumba cha Tatu



Wapendwa ndugu zangu, juma hili ningependa tutafakari pamoja juu ya jambo ambalo wengi wetu hapa Babati tunalifanya bila kulifikiria sana, nalo ni kupokea wageni. Sisemi juu ya shangazi ajaye kutoka Kondoa na kuku wake mkononi, ambaye twamfahamu tangu utoto. Nasema juu ya mgeni tusiyemjua, anayelipa fedha yake ili alale chini ya paa letu usiku mmoja au mitatu, kisha aende zake.

Mji wetu umekua juu ya njia panda. Barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma yapita katikati yake, na hapa ndipo inapochepuka ile iendayo Singida. Kwa miaka mingi msafiri wa Kondoa na Dodoma alijua kwamba vumbi la kiangazi au matope ya masika yaweza kumlaza Babati apende asipende. Tangu barabara ya lami ya kwenda Dodoma ilipofunguliwa mwaka 2018, wengi wa hao hunywa chai kituoni na kuendelea na safari. Anayelala sasa ana sababu ya kulala. Huyu amefuata ofisi za serikali, kwa kuwa mji huu ni makao makuu ya mkoa tangu Manyara ilipoundwa mwaka 2002. Yule ana kesi mahakamani. Mwingine ana mgonjwa hospitalini. Mwingine ni mtalii aendaye Tarangire. Ndiyo maana baadhi yenu mmegeuza nyumba za uani kuwa vyumba vya kulaza wageni, na vijana wenu huwatafuta wateja kwa simu na kwa intaneti. Nasi hapa parokiani tunavyo vyumba vinne, ambavyo kodi yake hutusaidia kulipa umeme na mshahara wa mlinzi.

Kila aliyewahi kushika funguo za vyumba vya namna hiyo anazo hadithi zake. Nimeona dereva wa lori aliyelipia chumba, akaoga, akala, kisha akaenda kulala ndani ya lori lake kwa sababu hakuamini kwamba mlinzi wetu ataulinda mzigo wake. Nimeona kijana kutoka Ulaya aliyefungua madirisha yote usiku, akaamka ameliwa na mbu, kisha akatulalamikia sisi. Palikuwa na mfanyabiashara mmoja wa nafaka ambaye kila alipolala kwetu tulikuta sakafu ya bafu na ya chumba imelowa tangu alfajiri. Mhudumu wetu alinung'unika miezi kadhaa juu ya mzee asiyejua kutumia beseni. Siku moja alipita mlangoni mapema, akamwona mzee yule amesimama juu ya mkeka, uso wake umeelekea kaskazini, anasali. Alikuwa Mwislamu, na yale maji yalikuwa ya udhu. Tulimwekea kopo na kitambaa cha miguu, na manung'uniko yakaisha siku ile ile.

Hizo ni hadithi za kuchekesha, na tunazisimulia mezani. Ile ninayotaka kuwasimulia leo haichekeshi, nami nimekaa nayo muda mrefu kabla ya kuiandika.

Ilikuwa mwezi wa Julai, wakati upepo ushukao kutoka Mlima Kwaraa hutufanya tuvae makoti hata mchana. Walikuja jioni bibi mmoja na mkwe wake, na huyo mkwe alikuwa amebeba mtoto mchanga sana, mtoto njiti, aliyeruhusiwa kutoka wodini siku ile ile. Kijiji chao kiko mbali, na waliambiwa wamrudishe mtoto baada ya siku chache ili apimwe uzito. Waliandika majina yao katika kitabu cha wageni, pamoja na kabila, kazi, watokako na waendako, kama kitabu kinavyotaka. Tukawapa chumba cha tatu.

Asubuhi ya pili mhudumu alinijia akiwa na wasiwasi. Alisema wageni wameshusha godoro chini na kukiacha kitanda kitupu. Wameziba kwa kanga kila upenyo wa dirisha, hata matundu ya hewa yaliyo juu ya mlango. Taa ya umeme hawaiwashi. Tena jioni bibi huja jikoni kuomba makaa yaliyobaki baada ya kupika, na asubuhi hukutwa majivu ndani ya beseni. "Baba," aliniambia kwa sauti ya chini, "mimi sipendi mambo ya majivu usiku."

Mnaelewa alichomaanisha. Nami, badala ya kumkemea, nilinyamaza. Ningesema kwamba sikuamini, lakini nikisema hivyo nitakuwa sijasema kweli yote, kwa maana siku ile nilipopita mbele ya chumba cha tatu niliharakisha hatua. Nilijiambia kwamba mgeni ana haki ya faragha yake, kwamba amelipa, kwamba si adabu kumhoji mama mzee juu ya mambo ya chumbani. Nilimwambia mhudumu, "Waache, kesho kutwa wanaondoka." Nilijiona mkarimu.

Usiku wa tatu, yapata saa nane, mlinzi alisikia kishindo cha kitu kilichoanguka. Alimkuta bibi mlangoni, amepiga magoti, hawezi kusimama, anatapika. Ndani mama wa mtoto alikuwa amelala, akaitwa asiitike. Mlinzi, Mungu ambariki, hakungoja kuniuliza. Alifungua mlango wazi, akamtoa mtoto kwanza, kisha mama yake, akawalaza nje kwenye baridi ile ile waliyokuwa wakiikimbia. Tulipowafikisha hospitalini waliwekewa oksijeni. Kufikia mchana mama aliweza kuzungumza, na mtoto alikuwa akinyonya. Sisi tuliosimama pale ukumbini hatukuweza kutazamana.

Daktari alitueleza kwa lugha rahisi. Mkaa unapoungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata mtu akawa anapumua huku mwili wake unakosa pumzi. Huanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyelala huenda asiamke kabisa. Mkaa uliokwisha kukolea, usiotoa moshi, ndio unaodanganya zaidi, kwa maana macho hayaoni hatari yoyote.

Sasa sikilizeni maelezo ya bibi mwenyewe. Wodini waliambiwa, tena kwa mkazo, kwamba mtoto njiti haruhusiwi kupata baridi. Chumba chetu kilikuwa na sakafu ya saruji na madirisha ya vioo yasiyofunga vizuri. Basi walifanya kile ambacho kila mama mwenye akili angefanya nyumbani kwao: waliziba upepo, wakashuka karibu na moto, wakauweka moto ndani. Kwao wanaishi katika nyumba ya tembe, ambamo moto huwaka ndani tangu enzi za mababu, lakini hewa hupita mlangoni na katika nafasi zilizo kati ya ukuta na paa. Desturi ile ile katika chumba chetu, chenye dari na matundu yaliyozibwa, ikawa karibu kuwaua watu watatu. Taa hawakuiwasha kwa sababu mwanga ulimsumbua mtoto. Majivu yalikuwa majivu tu.

Nilikwenda kumwomba radhi bibi yule. Kabla sijamaliza, alinikatiza kwa upole, akaniuliza swali ambalo bado nalisikia: "Baba, mliniona nikibeba makaa siku zote tatu. Mbona hamkuniambia kitu? Kwetu mgeni akifanya asichojua, mwenyeji husema."

Sikuwa na jibu. Mhudumu alikuwa na hofu, mimi nilikuwa na adabu, na vyote viwili vilitupeleka mahali pamoja, penye ukimya. Mmoja alimdhania mgeni mabaya, mwingine alijifanya haoni. Hakuna aliyesogea mlangoni na kuuliza, "Mama, mnasikia baridi?" Maneno matatu yangetosha.

Wapendwa, tumezoea kusema kwamba mgeni ni baraka, na Maandiko yanatupa mfano wa Abrahamu pale Mamre, aliyewakimbilia wapita njia watatu wakati wa joto la mchana. Lakini tazameni alivyofanya. Hakusema tu karibu kisha akajiondokea. Alitaja maji ya kunawa miguu, kivuli cha mti, na chakula, kisha akasimama karibu nao walipokuwa wakila. Alitambua mtu aliyetoka juani anahitaji nini. Mtakatifu Benedikto naye, katika kanuni aliyowaandikia watawa wake katika karne ya 6, aliagiza katika sura ya 53 kwamba kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe. Jambo hilo twalikumbuka sana. Tunalolisahau ni la sura ya 61, anaposema kwamba mgeni mtawa akitoa neno la kuikosoa nyumba kwa unyenyekevu, abati alitafakari, maana huenda Bwana amemtuma kwa ajili hiyo hasa. Nadhani bibi yule wa chumba cha tatu alikuwa na neno la namna hiyo kwetu.

Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huwa tunalielewa neno hilo kwa habari ya kitoweo, kwamba mgeni akija hata watoto wa nyumbani hula nyama. Mimi siku hizi nalielewa pia kwa namna nyingine. Mgeni huja na desturi ya kwao, na desturi hiyo hugonga mahali ambapo nyumba yetu ina kasoro. Dirisha lile lilikuwa halifungi vizuri kwa miaka miwili. Sisi tulilizoea.

Kuna pia methali nyingine, ile ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu, ambayo Mwalimu Nyerere aliitumia katika andiko lake la Ujamaa mwaka 1962 kutufundisha juu ya kazi. Methali hiyo ina ukweli wake hata katika malazi ya siku chache: mwenyeji anayo haki ya kuweka masharti. Siwaambii mvumilie kila kitu. Mgeni anayevunja mali, anayewatisha watoto wa nyumba, anayeleta uovu chumbani, aambiwe wazi, na ikibidi aondoke. Lakini hata huyo kwanza aambiwe. Kunong'ona jikoni hakujawahi kumrekebisha mgeni hata mmoja.

Nawaeleza tulichobadilisha, labda kitawafaa ninyi wenye vyumba. Madirisha yametengenezwa, na matundu ya hewa yamewekewa wavu ili yasizibwe kirahisi. Kila chumba kina blanketi mbili za ziada, na chupa ya chai hujazwa maji ya moto jioni. Jiko la mkaa haliingii chumbani kamwe, na mgeni huelezwa sababu yake kwa mdomo, kwa kuwa tangazo la ukutani halisomwi na mtu aliyechoka. Tena baada ya kitabu cha wageni kujazwa, mhudumu huuliza maswali mawili yasiyo kitabuni: "Umezoea kulala vipi?" na "Kuna kitu utakachohitaji usiku?" Wauguzi nao waliwafundisha bibi na mkwe wake njia ya kangaruu, yaani mtoto kufungwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na kufunikwa juu. Joto la mama halina sumu.

Mwaka uliofuata bibi alirudi, safari hii akiuza mbaazi sokoni. Alikuja hadi mlangoni kwetu na mjukuu wake mgongoni, mzito, anavuta ushungi wa nyanya yake. Mhudumu alitoka jikoni akampokea mtoto, akakaa naye hadi jua lilipozama.

Kuuliza si ujinga, ndugu zangu. Juma hili, mgeni akifanya jambo usilolielewa chini ya paa lako, usilipeleke jikoni. Mpelekee mwenyewe, kwa upole, kabla giza halijaingia.

Nawatakieni nyote Dominika njema.