Kwa Mpwa Wangu, Juu ya Kofia

Unguja

Mpwa wangu azizi,

Barua yako kutoka London imenifikia salama pamoja na picha ya rafu uliyozipanga kofia zako za kale, nami nimeitazama kwa furaha ya mtu ambaye tangu balehe yake hakuzoea kutoka mlangoni kichwa wazi. Umeniomba shauri, na shauri la mtu mzima halina haraka. Basi lisome ukiwa umekaa.

Uzuri wa kofia hukamilika kwa watu wawili, aliyeishona na anayeivaa, na mkusanyaji asiyemjua wa kwanza wala kuwa wa pili hana zaidi ya vitambaa na vumbi. Nimeona katika picha yako kofia za manyoya zenye ukingo, nyeusi na za kijivu, kwa wingi ambao huenda wewe mwenyewe hukumbuki ni ipi uliyoivaa mwisho. Sikulaumu kwa kupenda, maana pendo la vitu vilivyotengenezwa kwa ustadi ni katika adabu za mwungwana. Ila chunga pendo hilo lisigeuke kuwa israfu dukani na ubakhili nyumbani, ukanunua kila kilicho adimu kisha ukakinyima kichwa chako.

Hebu ichukue ile kofia ya kiua aliyokuachia marehemu babu yako, uigeuze ndani nje, uitazame penye mwanga wa dirisha. Utaona tabaka mbili za kitambaa cheupe cha pamba zilizoshikamana, na katika kila ua utaona vitundu ambavyo fundi hakuvikata kwa mkasi, bali alizisukuma nyuzi za kitambaa kando kwa ncha nene, kisha akalizungushia kila tundu mshono wa uzi mwembamba, uzi ubavuni mwa uzi, mpaka ukingo ukakaza na tundu lisiweze kuziba tena. Vitundu hivyo hupendeza macho na hupitisha upepo utosini, nao upepo katika nchi ya jasho kama hii si jambo dogo. Mashine nayo hutoboa, tena kwa usawa ambao mkono wa mwanadamu hauuwezi. Lakini ukiigeuza kofia ya mashine utakuta nyuzi za ndani zimekatizana ovyo, ilhali kofia ya fundi hodari upande wake wa ndani hukaribia kuwa nadhifu kama wa nje. Anayetaka kukuuzia kofia ya kale akakataa kuigeuza, muage kwa heri uende zako, wala usikubali kuvishwa kilemba cha ukoka kwa maneno ya kuwa mtu wa hadhi yako hahitaji kukagua.

Wanaozishona kofia hizi, hapa Unguja na kule Pemba, kwa wingi ni wanawake, majumbani mwao, baina ya jiko na malezi, na kofia moja iliyojaa viua huweza kuwachukua miezi. Kofia zako za Ulaya na Marekani zina jina la mwenye karakana lililopigwa chapa katika ukanda wa ngozi wa ndani, hivyo kila mpenda kofia humjua Borsalino wa Alessandria kule Italia, aliyeanza kazi mwaka 1857, na Stetson wa Philadelphia, aliyeanza mwaka 1865. Ama bibi wa Wete aliyetia macho yake katika vitundu hivi mia kwa mia, jina lake halimo ndani ya kofia wala katika kumbukumbu ya mvaaji. Naliona jambo hili kuwa dhuluma, ijapokuwa ni dhuluma iliyozoeleka. Kwa hiyo kila kofia ya mkono utakayoipata tangu leo, uliza imeshonwa na nani na wapi, uandike katika daftari. Na aghalabu utajibiwa, maana wenye kuuza huwajua washonaji wao.

Umeniuliza kama ni kweli kofia iliyotengenezwa kwa kipimo cha mtu mmoja hushinda ya dukani. Ni kweli, na sababu ni kuwa kichwa cha binadamu si duara. Wafaransa katika karne ya 19 walibuni chombo cha kuvikwa kichwani, chenye vijiti vingi vinavyosukumwa na mifupa ya fuvu, kikachora umbo la kichwa katika kipande cha karatasi kwa udogo. Na hapo ulipo, katika mtaa wa St James's, liko duka la Lock, lililoanza mwaka 1676, ambalo limetumia chombo hicho kwa wateja wake. Fundi wetu hana chombo hicho. Ana uzi, na uzi humwambia mzunguko tu, inchi 22 au 23, haumwambii kama paji lako limetokeza au kisogo chako ni bapa. Lakini kitambaa cha pamba ni kitiifu, na kofia ya kiua ikivaliwa Ijumaa baada ya Ijumaa hukishika kichwa cha mwenyewe hata mwingine akiiazima huonekana ameiazima.

Sasa nikuonye jambo la siha, wala usilichukulie wepesi. Manyoya ya sungura na ya wanyama wengine yaliyofanywa kofia zamani yalitiwa dawa ya zebaki ili yashikamane, na wafanyakazi wa karakana hizo, kama wale wa mji wa Danbury kule Marekani, waliishia kutetemeka mikono na kuharibikiwa na akili. Marekani iliacha matumizi hayo mwaka 1941. Zebaki hubaki ndani ya kofia miaka mingi. Basi kofia ya manyoya iliyo ya kabla ya wakati huo iweke mbali na watoto, usiitie mvuke ndani ya chumba kilichofungwa, na baada ya kuishika nawa mikono. Hiyo moja ndiyo ninayokuruhusu kuiacha rafuni.

Kuhusu tarbushi nyekundu uliyoiona mnadani, inunue ukipenda, ila usiinunue kwa kudhani kuwa ni vazi la tangu na tangu. Sultani Mahmud wa Pili wa Uturuki aliwaamrisha watumishi wa dola yake waivae mwaka 1829, na mwaka 1925 sheria ya Mustafa Kemal ikaipiga marufuku huko huko Uturuki. Na katika muda huo tarbushi nyingi za Waislamu zilitoka viwanda vya Strakonice, nchi ya Bohemia, kwa mikono ya wasio Waislamu. Mimi sioni ila katika hilo. Waungwana wa pwani walioivaa na kanzu na koti walipendeza, na kwa kuwa haina ukingo, haimzuii mtu kusujudu. Kofia zako za ukingo hazina fadhila hiyo, kwa hiyo utembeapo nazo tia kofia ya kitambaa mfukoni, nayo hukunjika bila kinyongo. Tena kumbuka kuwa Waingereza huvua kofia waingiapo nyumbani kwa watu, nasi huiacha kichwani. Fuata ada ya mwenye nyumba.

Kofia ya kiua ikichafuka iloweke katika maji ya sabuni, usiikamue. Itie wanga mwepesi, uikaushie juu ya bakuli lililofudikizwa lenye mzunguko wa kichwa chako. Ukitaka kuiweka muda mrefu, uoshe wanga wote kwanza, kwa kuwa wanga huwaita wadudu. Zile za manyoya zilaze kwa utosi, ukingo ukiangalia juu, usije ukapinda.

Zungusha uzi kichwani mwako, juu kidogo ya masikio na katikati ya paji, uukate, uutie ndani ya bahasha uniletee kabla ya Rajabu kwisha. Fundi nimekwisha sema naye, na amenambia wazi kuwa uzi ukimfikia katika Shaabani kofia hataiwahisha kwa Idi.

Wasalaam,

Mjomba wako