Kufuli Haifungi Sumu

Wahenga walisema kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika mji wa Bhopal, India, mambo yalikwenda kinyume: mshindo ulitangulia, kimya kikafuata, na kimya hicho kimeendelea kudhuru viumbe kwa zaidi ya miaka 40.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, maji yaliingia katika tangi nambari E610 la kiwanda cha Union Carbide, kilichotengeneza dawa ya kuua wadudu. Yalipokutana na kemikali ya methili isosianeti iliyohifadhiwa humo, joto lilipanda, shinikizo likazidi, na takriban tani 40 za gesi zikawafumania watu usingizini. Maelfu waliaga dunia. Habari hizo zinajulikana kote ulimwenguni. Kisichosimuliwa sana ni kile kilichosalia baada ya mitambo kuzimwa na lango kutiwa kufuli.

Aliyeingia katika uwanja ule miaka iliyofuata hakulakiwa na moshi. Vichaka vilikuwa vimeota baina ya mabomba yaliyoliwa na kutu, nalo tangi E610 limelala nyasini mithili ya pipa lililotupwa. Mandhari yalikuwa tulivu, na utulivu huo ndio uliokuwa mtego. Hapa na pale matone ya zebaki yaling'aa juu ya udongo kama shanga. Mtoto akiiona shanga huinama kuiokota. Zebaki haina harufu, nayo huvukia hewani polepole pasipo moto, hivyo aivutaye hajui kuwa anaivuta. Watoto walipenya kwenye matundu ya ukuta wakacheza kriketi humo. Mifugo nayo ikalishwa papo hapo.

Fauka ya hayo, sumu haikukaa ndani ya ukuta. Kiwanda kilipokuwa kikifanya kazi, taka zake zilimwagwa katika mabwawa ya kuvukizia maji. Kemikali zikapenya ardhini hadi kwenye maji ya visima. Akina mama wa mitaa jirani walipiga pampu, wakapika kwa maji hayo na kuwanywesha wana waliozaliwa miaka mingi baada ya ajali. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya India iliamuru wakazi hao wapelekewe maji safi. Januari 2025, tani 337 za taka zilipakiwa kwenye malori na kupelekwa Pithampur kuteketezwa. Hata hivyo, udongo mwingi uliolowa sumu na maji yaliyo chini yake hayakupakiwa lorini.

Mkenya asidhani kuwa haya ni ya ng'ambo tu. Mtaani Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi kilifungwa mwaka 2014. Risasi ilisalia udongoni na katika damu za watoto. Wakazi, Phyllis Omido akiwa mstari wa mbele, walishtaki. Mwaka 2020 wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu mwaka 2024.

Waama, muda wa kuuliza ni nani atakayesafisha ni siku ya kutoa leseni, mwenye kiwanda angali na haja ya saini. Akishaondoka, swali hilo hurithiwa na mama aliyeshika ndoo kisimani.