Karafuu Zimevuka, Bundi Amebaki

Kilichonishangaza mwanzo nilipofika Matrah, Oman, nikitokea Pemba ni milima. Kwetu Konde hakuna kiguzo kisichoota majani. Hapa mji umezungukwa na mawe makavu ya kahawia, yenye ncha kama vigae vya chungu. Nikajiuliza, ndege wa usiku wa huku hulala wapi?

Nimekulia karibu na msitu wa Ngezi, nikimsikia bundi wetu mdogo, wa sentimita 20 hivi. Hulia "hu" moja, hutulia, kisha mwenzake humjibu kutoka mti mwingine. Mtaalamu wa ndege Pakenham alimwandika kitaalamu mwaka 1937, na duniani kote haishi ila Pemba.

Jioni nilifuata barabara ya pwani hadi sokoni. Ubani ulifuka kila upande, lakini pua yangu ilinipeleka kwenye gunia la karafuu. Bibi mmoja alikuwa akizichagua. Aliponisikia nikiuliza bei, akageuka.

"Mjukuu wangu, wewe wa kwetu?"

"Shikamoo, bibi. Natoka Pemba."

"Marahaba! Mimi mzaliwa wa Wete. Yule bundi wa mikarafuuni bado analia?"

"Analia, bibi."

"Tukimwogopa sisi! Tukimsikia tu, tunajigubika shuka."

Nilifurahi mpaka nikasahau bei.

Kesho yake mjukuu wake alinipeleka kwenye bustani za mitende nje ya mji, maji yakipita katika mifereji ya falaj. Baada ya isha nikasikia "hu, hu, hu" mfululizo, bila ya kile kituo cha bundi wetu. Alikuwa binamu yake wa nchi kavu, rangi ya kijivu, anayepatikana toka Uarabuni hadi Asia ya Kati. Na milima mitupu nayo ina bundi wake: mwaka 2013 watafiti waliosikia mlio wake katika Milima ya Hajar walidhani ni aina mpya, baadaye ikabainika kuwa ni yule aliyeandikwa tangu 1878.

Mikarafuu ilipoenea Pemba enzi za masultani, msitu mwingi ulikatwa. Bundi wetu akajifunza kuishi hata katika mashamba ya mikarafuu iliyokomaa. Karafuu zimevuka bahari, watu wamevuka, na Matrah imewapokea. Yeye hana ng'ambo ya kumpokea. Ngezi tusipoitunza sisi Wapemba, hakuna bustani ya mitende itakayomhifadhi.