Mlonge na Vidonge vya Sukari

Ndugu mkulima, miche ya mlonge nimeigawa mwenyewe vijijini, na nyumbani kwangu majani yake tunayala kama mboga. Kwa hiyo siudharau mti huu.

Ila kila nipitapo mashambani naulizwa: "Bwana shamba, unga wa mlonge unaponya kisukari?" Hauponyi. Unaweza kushusha sukari kidogo, na hapo ndipo penye hatari. Ukiutumia pamoja na glibenklamidi au insulini, sukari yaweza kushuka kupita kiasi. Mama mmoja jirani yangu alianza kutetemeka na kutoka jasho jembe likiwa mkononi. Mwenzake alimkorogea vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, akapata nafuu. Wengine huacha vidonge kabisa. Hao huharibikiwa taratibu macho, figo na miguu.

Ukiwa na kisukari, fanya hivi:

- Usiache wala kupunguza dawa bila daktari.
- Siku ya kliniki, beba kopo la unga unaotumia, wauone.
- Kipimo kikisoma chini ya 4, kunywa maji ya sukari kama yale, pima tena baada ya dakika 15.
- Kama umetumia metformini miaka mingi na miguu inakufa ganzi, ulizia vitamini B12. Dawa hiyo huweza kuipunguza mwilini.

Swali la mche niulize mimi. La kipimo cha sukari, wahi kliniki. Mboga ya mlonge endelea kuichuma.