Sauti za Usiku Zisizojulikana Mwenyewe

Nyumba nyingi za vijijini zimepata kuwa na redio ya masafa mafupi, ile yenye mkonga mrefu wa kuvuta na mistari mingi ya namba. Baba akitafuta taarifa ya habari alipita kwanza katika milio mingi: miunzi, mivumo, ngurumo kama za mashine ya kukoboa, hata mtu asomaye namba kwa lugha ngeni. Watoto wakiuliza, "Baba, hiyo ni nini?" alijibu, "Si kitu, ni upepo tu," akaendelea kugeuza. Mimi ni mmoja wa watu wachache wasioendelea kugeuza. Nikisikia mlio nisioujua, hapo ndipo mkono wangu unapotulia.

Huku kwetu Temeke, upande wa Mtoni, si wengi wenye tabia hii. Tuko watatu: mzee mmoja aliyefanya kazi ya simu ya upepo ya meli, fundi redio wa Kinondoni, na mimi niliyekuwa mwalimu. Kila mmoja ana daftari lake. Twaandika tarehe, saa, namba ya masafa na kile tulichosikia, kisha mara moja kwa mwezi, Jumapili baada ya Misa, twakutana na kulinganisha. Antena yangu ni waya wa shaba uliofungwa toka mwembe mpaka nguzo ya uani. Siku hizi taa mpya na chaji za simu za majirani hujaza redio kelele, hata sauti za mbali hufunikwa. Kwa hiyo umeme ukikatika watu wote hulalamika, isipokuwa mimi. Natia betri, na dunia yaanza kusema.

Huenda mwauliza sauti yawezaje kutoka Ulaya au China mpaka Mtoni. Si muujiza. Juu sana angani, kuanzia kilomita zipatazo 60 na kuendelea mamia ya kilomita, kuna matabaka ya hewa yaliyotiwa nguvu ya umeme na jua. Mawimbi ya masafa mafupi yakifika huko hupindwa na kurudi duniani, tena huruka juu, tena hurudi, kama mpira udundao kati ya dari na sakafu. Usiku tabaka la chini, ambalo mchana humeza mawimbi mengi, hutoweka. Ndiyo maana stesheni za mbali huja vizuri baada ya jua kutua, wala si kwamba mapepo hupenda giza.

Milio mingi ya ajabu ina majibu rahisi. Usiku mmoja tulisikia kitu kikigonga kila sekunde, tik, tik, tik, bila kuchoka. Mzee wa meli akacheka. Ilikuwa stesheni ya China ya kutangaza saa, nayo hutumiwa na watu wanaohitaji saa kamili. Wamarekani nao wanayo ya namna hiyo, iko Colorado. Mlio mwingine uliowasumbua wasikilizaji wa dunia nzima ulianza mwaka 1976. Uligonga mara 10 kila sekunde, kwa nguvu iliyoharibu vipindi vya watu, hata wakauita kwa jina la ndege kigogota. Wasikilizaji wa nchi mbalimbali walipima upande ulikotoka, wakaonyesha Urusi ya wakati ule. Baadaye ikajulikana kuwa ni rada kubwa ya kuchungulia makombora, yenye minara mirefu karibu na Chernobyl katika Ukraine. Mwaka 1989 ilinyamaza. Minara ingali imesimama.

Tena msidhani kazi hii ni ya wataalamu wenye mitambo ya fedha nyingi. Katika mji wa Kettering, Uingereza, mwalimu wa fizikia aitwaye Geoffrey Perry aliwafundisha wanafunzi wake kusikiliza milio ya satelaiti za Kirusi kwa redio ya kawaida. Waliandika saa ya kila mlio, wakapiga hesabu. Mwaka 1966 hesabu zao zilionyesha kwamba satelaiti iitwayo Kosmos 112 haikurushwa toka mahali palipojulikana, bali toka mahali papya kaskazini mwa Urusi. Mahali hapo ni Plesetsk. Serikali ya Kirusi ilikuja kukiri hadharani mwaka 1983. Basi watoto wa shule, kwa daftari na subira, walijua siri ya taifa kubwa miaka 17 kabla haijatangazwa. Nilipokuwa nikifundisha hesabu nilipenda kuwaeleza wanafunzi habari hiyo kila walipouliza, "Mwalimu, hesabu hizi zitatufaa nini?"

Sasa nije kwa sauti za namba, maana hizo ndizo zinazotia watu hofu. Husikika wimbo mfupi au mlio, halafu sauti ya mwanamke au ya mashine husoma namba tano tano: tatu, nane, moja, moja, sita. Baadaye hunyamaza. Hasemi jina wala mahali. Moja iliyosifika sana ilianza kwa kipande cha wimbo wa kienyeji wa Kiingereza; wasikilizaji walipima na kuiona kuwa yatoka kisiwa cha Kupro, nayo ilikoma mwaka 2008. Nyingine ya Kirusi, katika kilohezi 4625, hunguruma mchana na usiku tangu miaka ya 1980, na mara chache mtu hukatiza ngurumo akasoma majina na namba. Wasikilizaji wengi wameiona kuwa ni ya jeshi.

Namba hizo ni barua za siri kwa wapelelezi. Jambo hili si uvumi, limetajwa mahakamani. Mwaka 1998 huko Florida walikamatwa watu wa Kuba waliokuwa wakipokea maagizo kwa redio. Mwaka 2001 akakamatwa Ana Montes, mwanamke mwenye cheo katika idara ya upelelezi ya jeshi la Marekani, ambaye naye alipokea namba toka Kuba kwa redio ndogo kama zile ziuzwazo dukani. Alifungwa mwaka 2002, akatoka mwaka 2023.

Kwa nini hakuna awezaye kuzifumbua? Ni rahisi kueleza. Tuseme nataka kukupa namba 4. Mimi nawe tuna karatasi ya siri yenye namba 9. Najumlisha, napata 13, naacha kumi, natangaza 3. Wewe wachukua 3, waongeza kumi, watoa 9, wapata 4. Mwingine anayesikia 3 hawezi kujua kitu, maana karatasi hana. Na karatasi ikitumika mara moja tu kisha ikachomwa, hata mwenye akili kupita wote atabaki na 3 yake.

Wala tusidhani mambo ya sauti za siri ni ya Wazungu peke yao. Redio ya Cairo ilianza kusema Kiswahili mwaka 1954, na mwaka 1957 ikaja sauti nyingine ya Kiswahili iliyojidai kuwa imo ndani ya Afrika bila kutaja mahali, ikiwatukana wakoloni. Kumbe nayo ilitoka Cairo. Baadaye zamu ikawa yetu. Toka hapa Dar es Salaam, Redio Tanzania iliwapa nafasi ndugu wa FRELIMO, wa ANC na wengine kusema na watu wao. Kule Msumbiji na Afrika ya Kusini watu walifunga madirisha, wakashusha sauti ya redio, wakaweka masikio. Kwao sisi tulikuwa ile sauti ya usiku, na msikilizaji aliyekamatwa aliweza kufungwa. Nikipita Barabara ya Pugu, ambayo leo yaitwa Barabara ya Nyerere, huyakumbuka hayo.

Nimeeleza haya yote kwa kirefu kwa sababu ya jambo moja lililotokea jumuiyani kwetu. Mama mmoja, mshonaji, ana mtoto wa kiume aliyekuwa akishinda bandarini Kurasini. Mwaka 2016 kijana aliondoka. Wenzake walisema amezamia meli. Tangu siku hiyo hakuna barua wala simu. Jioni moja, tulipokwisha sali rozari, mama yule alinifuata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

"Nasikia usiku wasikiliza watu wasioonekana. Je, hakuna aliyetaja jina la mwanangu?"

Nilimwuliza habari hiyo ameitoa wapi. Akasema mganga mmoja amemweleza kwamba mwanawe amechukuliwa msukule, afanya kazi chini ya bahari, na kwamba zile namba zisomwazo redioni ni misukule inayohesabiwa kila usiku. Kwa shilingi laki nne mganga angeweza kuitaja namba ya kijana ili arudishwe. Mama alikwisha kupata mtu wa kununua cherehani yake.

Sikumkemea. Mtu mwenye kidonda hapigwi juu ya kidonda. Nilimwomba aje nyumbani kesho yake pamoja na dada yake, na mke wangu akawapikia chai. Saa nne za usiku nikawatafutia ile stesheni ya Kuba. Ilikuja hafifu sana, lakini ilisikika: namba, namba, kwa Kihispania. Mama alishika ukingo wa meza. Nikamfungulia daftari langu, nikamwonyesha kwamba sauti ile husikika kwa saa zake na masafa yake kama gari moshi lenye ratiba. Nikamweleza habari ya Kuba na ya karatasi ya siri, na hesabu ile ya 4 na 9 akaifanya mwenyewe kwa chaki ya kushonea. Alipokwisha alikaa kimya, kisha akauliza, "Basi huyu asomaye, amsomea nani?"

"Amsomea mtu mmoja tu, mahali fulani."

"Mtu huyo ana bahati," akasema.

Neno hilo lilinichoma. Nikamwambia kuna redio iliyopata kuwasomea watu kama yeye. Redio ya Vatikano ilifunguliwa na Papa Pius XI tarehe 12 Februari 1931, naye Marconi mwenyewe ndiye aliyeijenga. Vita kuu ya pili ilipowatawanya watu, toka mwaka 1940 mpaka 1946, redio hiyo ilisoma hewani majina ya wafungwa na waliopotea, pamoja na salamu za jamaa zao. Ujumbe uliosomwa ulipita milioni moja. Aliyewasha redio bila kujua angesikia orodha isiyo na mwisho, akasema, "Si kitu," akapita. Lakini mama mmoja mahali fulani alikuwa akingoja jina moja tu.

Sikumdanganya kwamba redio yangu itamletea jina la mwanawe. Nilimwambia wazi haitaleta. Lakini kazi ile ya kutafuta watu haikufa. Chama cha Msalaba Mwekundu huandikisha habari za ndugu waliopoteana na kuulizia nchi nyingine, bila malipo. Juma lililofuata Padre alimwandikia barua, tukaenda naye mjini, akaandikisha jina la kijana, mwaka wa kuzaliwa, na alama ya kovu mkononi. Mpaka leo hajapata jibu. Cherehani ingali nyumbani kwake, na mganga hakupata kitu.

Ndugu zangu, msiba mkubwa wa mtu aliyefiwa au kupotelewa ni kwamba kila kimya huonekana kama kina maneno. Hapo ndipo mjanja huingia na kumwuzia maana. Siku hizi mjanja huyo haji na tunguri peke yake. Huja na simu pia, akituma sauti ya ngurumo na kusema ni baragumu ya mwisho wa dunia. Bwana wetu alisema kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Basi asiyejua na aseme "sijui bado." Maneno hayo mawili hayana aibu. Kwa hayo mawili wale watoto wa Kettering walianza daftari lao.

Ukiwa na mtoto apendaye kuzungusha kitufe cha redio, usimfukuze kwa kuwa anamaliza betri. Mpe penseli na daftari, mfundishe kuandika saa na tarehe, na kuuliza kabla ya kuamini. Akitaka siku moja kusema hewani badala ya kusikiliza tu, na atafute leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Alama za nchi yetu huanza na 5H. Tena ana msimamizi mzuri mbinguni, Mtakatifu Maximilian Kolbe, aliyeanzisha redio katika konventi yake huko Poland mwaka 1938, akatoa uhai wake kwa ajili ya baba wa watu Auschwitz mwaka 1941. Wapenzi wa redio humhesabu kuwa mwombezi wao.

Na akina mama wenye watoto waliokwenda mbali bila habari, nawaomba: kabla ya kuuza kitu, mwoneni Padre, andikisheni jina, kisha saleni. Na ninyi vijana mlioko mbali, mwenye simu mfukoni asimngojeshe mama yake kama mpelelezi angojaye namba. Piga, sema jina lako, inatosha.