Kilimia Juu ya London

Novemba 2023, baada ya zamu tatu za usiku wodini, nilimpeleka binti yangu Regent's Park, ambako wapenda nyota huleta darubini zao na kuwaachia wageni wachungulie. Tuliiona Mshtarii na miezi yake, ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Kisha tukaonyeshwa kishada cha nyota.

"Mama, kwa Kiswahili kinaitwaje?"

"Kilimia. Wakulima walikitazama kujua msimu wa kulima."

Kwetu ilikuwa saa moja usiku, Tanga saa nne. Nikampigia mama. Binti yangu, ambaye kwenye simu huishia "shikamoo" tu, akaninyang'anya.

"Bibi, toka nje! Tazama juu!"

Tukasikia mlango ukifunguliwa.

"Nakiona, mjukuu wangu."

Waliongea mpaka salio likaisha.