Saa moja niliyoisahau



Ndugu wazazi na wanafunzi, wiki iliyopita hapa madrasani Biwi kijana mmoja anayetoka Dzaleka aliniuliza: "Maalim, kutoka Lilongwe hadi Dar es Salaam kwa ndege ni saa ngapi?" Nikafungua mdomo kumjibu, kisha nikanyamaza.

Mwaka 2015 mama yangu alifariki Dar usiku, Allah amrehemu. Ndugu zangu walinipigia alfajiri. Kwa basi haikuwezekana: Karonga, mpaka wa Songwe, Mbeya, ndipo Dar, safari ya kilomita zaidi ya 1,500, na maiti hacheleweshwi. Nikapata tiketi ya ndege ya kuondoka uwanja wa Kamuzu, kule Lumbadzi, saa 7 mchana. Mwendo wa angani ulikuwa saa moja na dakika 45. Nikajumlisha, nikawaambia: "Natua saa 9 kasorobo. Nisubirini, tumzike baada ya Alasiri."

Hesabu ile ilikuwa sahihi kwa saa ya Malawi. Lakini Tanzania iko mbele yetu kwa saa moja, nami mwalimu mzima nikasahau! Nao wakachukua neno langu kama lilivyo. Tulipotua, saa ya ukutani ilisema saa 9 na dakika 45. Hapo bado foleni ya pasipoti, bado foleni ya magari barabara ya Nyerere, na laini yangu ya Malawi haikushika mtandao. Wakangoja, wakaswali Alasiri, wakangoja tena, mwishowe wakanyanyua jeneza. Nilifika makaburi ya Kisutu udongo umeshamwagiwa maji. Nikamswalia palepale kaburini, kama Mtume (S.A.W.) alivyomswalia aliyekuwa akiufagia msikiti, ambaye alizikwa yeye hajaarifiwa. Uso wa mama sikuuona.

Basi nikachukua chaki. Kutoka Lilongwe hadi Dar ni karibu nyuzi 7 kwenda kaskazini na nyuzi 5 na kitu kwenda mashariki. Kila uzi takriban kilomita 111. Tukapata kama kilomita 970 kwa njia ya moja kwa moja. (Hapo swala inapunguzwa bila shaka. Dzaleka hadi Biwi hapana, haifiki zile kilomita 80 za wanachuoni wengi, ingawa vijana wangu wamejaribu!)

Kisha tiketi. Muda wa kuondoka huandikwa kwa saa ya unakotoka, wa kufika kwa saa ya unakokwenda. Ndiyo maana safari ileile kwenda huonekana saa 2 na dakika 45, na kurudi dakika 45 tu.

Kijana akauliza: "Na Uvira, kwa bibi yangu?"

Nikamwambia Uvira na Lilongwe saa zetu ni sawasawa. Akainamia daftari, akaandika.